Bunduki za Sakristia

Jumanne moja asubuhi nilikuwa namchapia Padri Anselmi kitabu. Mimi ni mzaliwa wa Karema, kando ya ziwa, upande wa Tanzania. Nilivuka ziwa baada ya kuolewa na Kalisti, katekista wa misheni moja ng'ambo, upande wa Kongo. Padri alikuwa amesoma Ubelgiji, na sasa alikuwa anaandika kwa Kiswahili historia ya nchi ya Liège ya hukohuko, ambayo zamani ilitawaliwa na maaskofu kwa karne nyingi. Yeye alisoma kwa sauti, mimi nikagonga taipureta. Binti yetu Tereza, wa miaka sita, alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Askofu wao alikuwa na mahakama, ngome na askari," alisema Padri.

Nikaacha kuchapa. "Askari wa kupigana kabisa?"

"Wa kupigana. Watu wakamchoka, wakaasi. Mtawala jirani akaja kumtetea, akauchoma mji. Makanisa akayaacha."

Kalisti alikuwa anatengeneza dirisha. Akacheka. "Sasa makanisa hayo alimwachia nani?"

Padri akafunga daftari. Tukaenda kula.

Mwezi haukuisha, vita vikashuka kutoka milimani. Mkubwa wa serikali alipanda boti ya kwanza. Askari wake wakamfuata, wengine wakitupa silaha njiani. Watu wa vijiji vya jirani wakajaa misheni, na serikali ikabaki kuwa Padri. Aliamua kesi za mbuzi, aligawa unga, alipanga zamu za kulinda kisima. Watu walianza kumpigia magoti hata nje ya kanisa. Nadhani mwanzoni hakupenda.

Siku moja wanaume wakaleta bunduki sita walizookota porini.

"Tuzitupe ziwani," Kalisti alisema.

"Wakija wezi je?" wakamjibu.

Padri akafikiri. "Nitazifungia katika chumba cha sakristia, pamoja na mavazi ya misa. Hazitatumika, wala hazitapotea."

"Padri, zikikaa humo, kanisa limekuwa kambi."

"Nimeshaamua, Kalisti."

Siku hizo ndivyo alivyozoea kusema.

Waasi walifika Jumapili, misa ikiendelea. Walianza na nyumba. Tulisikia nyasi za mapaa zikiungua. Kanisa hawakulichoma.

Walitutoa nje, wakatukalisha juani.

Wakavunja mlango wa sakristia.

Kamanda wao alikuwa na sauti ya upole. "Hizi za nani?"

Nilimtazama Padri. Midomo yake ilifunguka. Haikutoka sauti.

"Nawauliza nyie mara ya mwisho. Za nani?"

Kalisti akainuka. "Zangu. Nilizificha mimi. Padri hajui kitu."

Sikuwahi kumsikia akisema uongo mwingine.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Tereza.

Wakampeleka nyuma ya shule. Zilisikika risasi mbili.

Walipoondoka tulimzika. Kesho yake asubuhi tukapanda boti ya mashine kwenda Karema, Padri akiwa amekaa mbele yetu. Katikati ya ziwa akasema, "Mama Tereza, nilikuwa nimeshafungua kinywa."

"Nilikuona, Padri."

Tulipofika, yeye akabaki Karema.

Nilihamia Mpanda nikawa fundi cherehani. Tereza alikua akiamini kwamba baba yake ndiye aliyezileta bunduki. Alimsikia kwa masikio yake. Kila nilipomweleza, alidhani namfariji tu. Alipokaribia kuolewa, nikampigia Padri simu Karema. "Njoo umwambie mwenyewe," nikasema.

Alikuja kwa basi, mzee, miguu imevimba. Alimweleza yote bila kujitetea.

Tereza aliuliza swali moja. "Baba alijua kwamba hungesema?"

"Alinisubiri, mwanangu. Alipoona nimeshindwa, akainuka."

Tereza akalia. Kisha akamletea maji ya kunywa.

Padri naye ameshafariki. Nimelipima sana jambo hili. Angesema, pengine wangewaua wote wawili, na sisi tuliokaa juani wakatumaliza. Huenda kimya chake kilituokoa. Sina tena hasira naye. Kinachonisumbua ni kwamba mimi pia nilijua bunduki zilifika vipi pale, na kamanda alipouliza nilikaa kimya, nimemshika mtoto.