Pedali ya Gari la Mume Wangu

Mume wangu alipofariki aliniacha na mabinti wawili walioolewa mbali, cherehani yangu, na gari la viti viwili ambalo watu wa Matiliku waliliita kobe kwa sababu liko chini na mgongo wake ni wa duara. Gari hilo ni la zamani kuliko mimi. Tajiri mmoja aliyekuwa akitengenezewa magari na mume wangu alihama nchi, akamwachia likiwa halina hata uwezo wa kuwaka. Mume wangu alilifufua kwa miaka sita, chini ya mabati nyuma ya nyumba yetu. Rangi yake ni ya kijani, paa lake ni turubai, na ukikaa ndani unaona kama umeketi juu ya barabara yenyewe.

Alinifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa shule ya msingi, Jumapili baada ya ibada, na nikapata leseni. Lakini alipokuwa hai sikuliendesha sana. Yeye alipenda kuendesha na mimi nilipenda kukaa kando yake.

Baada ya mazishi nilianza kuliwasha kila Jumamosi. Sikutaka nalo life. Kulipangusa na kusikia ule mngurumo kulinisaidia kuliko maneno mengi niliyoambiwa, ingawa walioniambia walikuwa na nia njema. Baada ya miezi mitatu hivi niliona pedali ya mafuta imeanza kuwa nzito. Nikafungua boneti, nikafuata waya unaotoka kwenye pedali. Unapita ndani ya mrija mwembamba wa chuma mpaka kwenye kabureta, inayoipa injini mafuta. Nikaona dawa ni kuulainisha, nikaenda kuchukua oili chafu.

Huku kwetu oili chafu, ile inayomwagwa injini ikibadilishiwa oili, haitupwi. Tunapaka nguzo za boma ili mchwa wasile. Tunapaka bawaba za lango. Mume wangu alikuwa ameacha mtungi umejaa. Nikadondosha kidogo kwenye mdomo wa mrija, na siku hiyo pedali ikalainika, nikafurahi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa imekaza tena. Nikaongeza. Nikawa naongeza kila Jumamosi, miezi minane hivi, na kila mara ilikuwa ikikaza zaidi.

Asubuhi moja niliikanyaga kwa nguvu ikashuka, kisha ikakataa kurudi. Injini ikapiga kelele ya kutisha, kuku wakaruka ua, na mimi nikabaki nimeshika usukani mpaka nilipokumbuka kuzima ufunguo. Tangu siku hiyo sikuthubutu kuliondoa pale lilipo.

Habari zilifika Kabati, nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mwaka ulipotimia ndugu walikaa kikao, nami nikaitwa. Hawakuwa na ubaya. Walisema gari lisiloendeshwa huoza, na kwamba shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayesafirisha mbuzi kwa lori, alichukue likae kwake. Mmoja akauliza pedali iliharibikaje. Shemeji akasema pengine kaka yake aliliacha hivyo, alikuwa mgonjwa. Mimi nilijua kwamba siku aliyokwenda hospitali pedali ilikuwa laini. Nilinyamaza. Niliona aibu kusema kwamba liliharibikia mikononi mwangu, tena nikatumaini kwamba nikinyamaza hawatanifikiria kuwa mtu asiyejua kutunza kitu. Hata hivyo waliamua lichukuliwe.

Shemeji alikuja Jumamosi moja asubuhi na lori tupu na mbao mbili ndefu za kulipandishia. Nilikuwa nimelipangusa. Nilikuwa pia nimelia, lakini mapema, kabla hajafika. Aliketi ndani, akakanyaga pedali, akatoa kichwa nje.

"Shemeji, hii inataka mguu wa punda."

"Ndiyo maana nimekungoja wewe," nikamjibu.

Alicheka, kisha akatazama zile mbao. Kulipandisha gari juu ya mbao mbili nyembamba kunataka mguu mpole, alinieleza, na pedali kama hii ikikwama katikati, gari litaruka lori na kuangukia upande wa pili. Kwa hiyo ilibidi tuitengeneze kwanza. Nilimletea sanduku la spana za kaka yake, nikakunja kanga, nikasimama karibu naye.

Alianza kwa kuutoa waya kwenye kabureta. Akasukuma mkono wa kabureta kwa kidole. Ukaenda na kurudi wenyewe. Basi kabureta haina kosa. Akainama chini ya usukani, akaichezesha pedali ikiwa peke yake, bila waya. Nayo ilikuwa nyepesi. Ubaya ulikuwa ndani ya mrija. Tuliuvuta ule waya pamoja, yeye kwa koleo na mimi nikiushika mrija, ukatoka polepole ukiwa umevaa tope zito, jeusi lenye wekundu. Lilikuwa vumbi letu. Kiangazi huku vumbi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, na oili yangu ilikuwa imelikaribisha na kulishika, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Shemeji alisugua tope hilo kati ya vidole viwili, akanusa.

"Kaka alikuwa fundi wa watu wote," alisema, "lakini hili la kwake alilifanyia uzembe. Mtu gani anatia oili chafu kwenye waya?"

Nilikuwa na matambara mkononi. Niliona jinsi maneno hayo yangefika Kabati, mama yake ayasikie, na baadaye yasemwe na watu ambao mume wangu aliwatengenezea magari yao usiku na mchana.

"Ni mimi," nilimwambia. "Kaka yako aliiacha pedali ikiwa laini. Nimeitia oili chafu miezi minane. Na mlipomsingizia kwenye kikao nilijua si kweli, nikanyamaza."

Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Cherehani yako unaitia nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Na hili ukaona ni lango la boma."

Sikutarajia kucheka siku hiyo, lakini nilicheka. Akaniambia nikayalete hayo mafuta, pamoja na mafuta ya taa na pampu ya baiskeli. Tuliosha waya mpaka ukang'aa. Tukamimina mafuta ya taa ndani ya mrija mara nne, mpaka yalipotoka yakiwa safi, tukapuliza kwa pampu, tukauacha juani wakati tunakunywa chai. Kisha nikaupaka waya mafuta ya cherehani, matone machache tu, nikaupangusa, akaurudisha. Nikaketi ndani nikakanyaga alivyonielekeza, huku yeye akitazama injini. Pedali ilishuka kwa vidole vya mguu tu na kurudi mara moja.

Nilitoka nikamwambia sasa linaweza kupanda lori. Nilimwambia pia kwamba ameshajua nani aliliharibu, kwa hiyo sina la kubishana. Alikaa kwenye mbao zake. Halafu akasema kikao kiliamua kwa sababu hapa hapakuwa na mtu wa kuikanyaga pedali, na yeye mwenyewe ameshuhudia ikikanyagwa.

"Lakini hayo ya kaka siwezi kukusemea," aliongeza. "Utayasema mwenyewe Kabati. Njoo nalo."

Nililiendesha kutoka Matiliku kupitia Wote na Machakos, lori lake likiwa mbele yangu. Mwanzo sikuona ila mgongo wa lori. Baadaye nilianza kuona mashamba.

Kabati walitoka wote. Nilimwambia mama mkwe wangu mbele yao, nikiwa nimesimama, kwamba mwanawe hakuliacha gari vibaya, ni mimi, na kwamba nilinyamaza kwenye kikao. Aliuliza mara mbili kama ni kweli hakukosea. Nikamwambia hakukosea hata kidogo. Akasema basi, na tuingie, chakula kinapoa. Kuhusu gari kuchukuliwa hakuna aliyetaja tena, na shemeji alikula nyama yake akitazama sahani.

Kesho yake mama alitaka kupelekwa kanisani ndani ya gari la mwanawe. Tulimkalisha kwa shida, wawili wakimshika mabega, maana kiti kiko chini. Alifunga kitambaa chake cha kichwa kwa nguvu kwa ajili ya upepo. Tulipofika lami aliniambia niongeze mwendo kidogo, nikaongeza. Mchana nilimrudisha, nikamuaga, nikashika njia ya nyumbani peke yangu na gari langu.