Swali la Wateule

Nakumbuka Jumamosi ile kaka yangu Petro alipolikunja shati lake jeupe, shati ambalo Mama alilitia wanga na kulipiga pasi kwa ajili ya kipaimara cha kesho yake, akalirudisha sandukuni na kusema haendi. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, mwanangu. Mama alibaki amesimama na pasi ya mkaa mkononi, asijue pa kuiweka.

Jana uliniuliza, baada ya kusikiliza hayo mahubiri yako ya kwenye simu, kama ni kweli Mungu alikwisha kuwateua watu wake kabla ya dunia kuwako, na kama ndivyo, wewe unajisumbua nini. Nikakwambia ngoja ninywe chai kwanza. Ukadhani nakukwepa. La, nilikuwa namfikiria Petro. Swali lako si geni kwangu, liliwahi kulala nyumbani kwetu, na kidogo tu liondoke na kijana wa watu.

Petro alilipata kwa mhubiri mgeni kutoka bara, aliyekuwa akifundisha uani kwa watu, kule kwetu Kikwajuni. Mhubiri alisema wateule wanajulikana kwa Mungu tangu awali, na hakuna awezaye kujiongeza. Vijana wenzake wakalia, wakasema wamehisi moto kifuani. Petro hakuhisi kitu. Basi yeye, mwenye sauti nzuri kuliko wote kwayani, akaamua kwamba hayumo.

"Kama nimo, nimo," alimwambia Mama. "Kama simo, nikenda kupiga magoti mbele ya Askofu ntakuwa namdanganya Mungu."

Jirani yetu Bi Mwanaisha alipopata habari alikuja na sahani ya mkate wa kumimina, akamtania. "Petro, hata sie Waislamu twaamini kadari. Lakini sijamuona mtu akakaa kitako akaingoja riziki impande mdomoni. Hebu kula." Petro hakucheka wala hakula, naye ule mkate alikuwa haambiwi mara mbili. Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia tu, na utulivu ule ndio uliotutisha, maana hakuwa na jambo tena la kutaka.

Bibi yetu Monika, mama mzaa baba, alikuwa chumbani. Macho yalishamtupa mkono, lakini masikio, we! Akaita.

"Petro!"

"Naam, Bibi."

"Nipeleke kanisani. Na wewe Agnesi, nishike upande huu."

Tukaenda naye pole pole mpaka Mkunazini. Wanawake walishamaliza kufagia kwa ajili ya ujio wa Askofu, hamkuwa na mtu ndani. Kanisa lile unajua limejengwa mahali gani. Watu waliuzwa pale. Sisi tulikua tukilijua jambo hilo na kucheza juu yake, kama watoto walivyo. Bibi akatuambia tumsogeze karibu na madhabahu, akakaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Mie sikuzaliwa Unguja," akasema. "Nililetwa kuuzwa, mie pamoja na dada yangu, tungali watoto, na kwa kuwa biashara ile ilishapigwa marufuku, tukafichwa pamoja na wengine katika ua wa nyumba ya mtu. Siku hiyo wakaingia askari na watu wa misheni. Purukushani! Mtu mmoja akaninyanyua. Dada alikuwa kanishika mkono. Vidole vikaachana. Mie nikatolewa mlango wa mbele. Yeye, waliotuficha walimvuta kwa mlango wa nyuma, sikumuona tena."

Tulikuwa hatujawahi kusikia habari ya dada yule. Hata baba, nadhani, alikuwa hajui.

"Nilichaguliwa, Petro. Sikuomba, sikustahili, aliyeninyanyua hata jina langu halijui. Mhubiri wako kwa hilo hakusema uongo. Lakini sikiliza. Nilipokuwa mwari huko misheni, padri akaniuliza kama nataka kubatizwa. Nikanyamaza. Hakunisukuma. Akaniuliza tena baada ya muda mrefu, nikanyamaza. Ndipo nilipoogopa. Mungu aliyenitoa mule uani bila kuniuliza, sasa kakaa anangoja neno langu. Ukubwa wote ule, ungojee mdomo wangu mie, mtoto wa kuokotwa!"

Mwanangu, maneno hayo nayakumbuka mpaka leo. Bibi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile hakuipandisha. Alisema vile mtu anavyosimulia kitu alichokiona na bado hakiamini.

Petro akauliza kwa sauti ndogo, "Na dada yako, Bibi? Yeye hakuchaguliwa?"

"Sijui. Nimeuliza mpaka nimezeeka, sikujibiwa. Lakini kila nnapopokea meza ya Bwana, namtaja moyoni kwa jina lake la kwetu."

Kisha akageuza uso kuelekea madhabahu, akaliita jina lile kwa sauti, kama mtu amwitaye mwenziwe aliye chumba cha pili. Mpaka siku ile, duniani kote lilikuwa linajulikana na watu wawili tu, na mmoja wao hatukujua yu wapi. Lilipaa kwenye dari refu likapotea. Hakuna aliyeitika. Nami niliogopa kupumua, maana niliona wazi kwamba Bibi hakuwa akiongea peke yake.

"Mie simfungii mlango mtu ambaye Mungu hajaniambia kamfungia," akasema. "Wewe ni nani hata ujifungie wako?"

Petro akapiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka sakafuni, akalia. Miaka mingi baadaye aliniambia hata siku ile hakuhisi moto wowote. Alihisi udogo tu, na furaha ya kuwa mdogo. Jumapili alivaa shati lake.

Sasa nasaha yangu. Siwezi kukufumbulia namna Mungu anavyochagua na mtu naye anavyobaki na hiari yake. Bibi aliyaishi yote mawili na hakuona moja likilifukuza jingine. Hao wa kwenye simu wasikupe haraka. Usiipime nafasi yako kwa joto la kifua chako, wala usijipe kazi ya kukaa langoni pa Mungu ukisema huyu yumo, yule hayumo. Ukiona unangojwa, jibu, na ujue kwamba kungojwa na Mungu ni jambo la kutetemesha.

Mungu aliyekuona kabla ya mkunga akupe kinywa cha kumjibu na moyo usioona fahari kwa kupendwa. Na Jumapili ukipiga magoti, kabla hujajitaja mwenyewe, mtaje yule unayedhani ameachwa nje.