Hodi ya Shaba

Mtunza hekalu alipokea viatu vyetu kwa mikono miwili, kana kwamba tunamkabidhi mtoto aliyelala, akavipanga vikitazama njia ya kutokea. Kisha, akifuta mafuta ya taa vidoleni, alitusimulia kwa sauti ya chini habari za jiwe linaloabudiwa humo ndani: wabebaji walilitua wapumzike, na walipotaka kulinyanyua likagoma, ndipo likajengewa kuta palepale. "Lilipapenda," alimalizia kila mara. Mlangoni ilining'inia kengele ya shaba, na kila mgeni aliigonga. "Ni hodi tu," alitueleza. Dada mmoja alipoipiga kwa nguvu, mtunza alimtania: "Taratibu, dada, mwenyeji si kiziwi!" Yeye mwenyewe hakuigonga kamwe. Nilipomuuliza sababu, alicheka. "Mtu hapigi hodi kwake."

Mkewe alipofariki, hatukumwona kwa siku kumi na tatu, maana desturi yao haimruhusu mfiwa kuingia hekaluni kabla ya siku hizo kwisha. Siku ya kumi na nne nilimkuta amepanga foleni nyuma yetu, miguu mitupu, viatu vyake amevishika kwa mikono miwili. Alipofika mlangoni, aliviweka chini, akainua mkono hadi kwenye kengele, ukabaki hapo. Mama anayetunga mashada ya maua hapo mlangoni alisogea kumpisha. "Gonga, kaka," alimwambia. "Wewe ni wa hapa, lakini umetoka mbali." Akaigonga mara moja, taratibu, kisha akasimama kizingitini, akisubiri kukaribishwa.