Bwana Radi na Bakuli la Uji

Juzi nilitoroka kazini kidogo nikaenda kwa kinyozi mtaa wa Ngamiani kunyolewa. Kitini nilimkuta mzee mmoja, shavu moja limeshanyolewa, la pili bado lina povu. Alikuwa askari wa Mjerumani katika vile vita vya kwanza, naye alikuwa akimsifu kapteni wake.

“Tulimwita Bwana Radi,” alisema, kidole juu. “Akinguruma, Mwingereza huko aliko anatafuta shimo.”

Mzee wa pili, aliyekuwa akingoja zamu kwenye benchi, alikohoa. “Sisi jikoni tulimwita Bwana Uji.”

Kinyozi alisimamisha wembe.

“Nilikuwa mpishi wake, sheikh wangu. Mbele yenu akitafuna nyama ya kuchoma. Akishaingia hemani, mkono tumboni, ananiita kwa sauti ya chini: ‘Uji. Mwepesi. Pilipili usitie.’”

Mwenye povu alimtazama kwenye kioo. “Na miaka yote hii umenyamaza?”

“Ningesema, nani kati yenu angemfuata?”

Mzee aligeuza shavu lililobaki. “Nyoa,” alimwambia kinyozi. “Lakini radi ilikuwa radi.”

Mimi nami kazini nasifika kwa ukali, au ndivyo nilivyoamini siku zote. Niliporudi nilimwuliza tarishi wetu, mtu mzima mwenye heshima zake: “Hivi nyinyi hapa mnaniitaje?”

Aliinama haraka kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa makubazi.