Mtaro wa Wifi na Mguu wa Kaka

Siku niliyochota maji ya mtaro nyuma ya bafu la wifi yangu nikayapeleka hospitali, mtaa mzima ulisema nimechanganyikiwa.

Wacheke tu. Wengi wao nawasuka nywele mpaka leo, na siri zao ninazo.

Sogea nikupe mkasa.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Ile ya kukanyaga. Kwa hiyo mguu wa kulia kwake si kiungo, ni injini. Bati lenye kutu likamchana kisigino cha mguu huo huo. Kidonda chenyewe kidogo, cha kupuuza.

Hakikupona. Asante kwa mke wake.

Wifi yangu huyo mtaani tunamwita Daktari Kopo. Ana kopo la biskuti, amelijaza dawa za watu. Wewe umepewa dozi, umepata nafuu katikati, umeacha. Zilizobaki zinaishia kwa wifi. Jirani akikohoa: viwili vyekundu. Tumbo likisokota: kimoja cha njano. Jino? Chochote kilicho juu.

"Udaktari huu umesomea wapi, wifi?" nilimuuliza.

"Nina mkono mwepesi. Wewe suka vichwa, tuachie watu tunaotibu."

Basi akamtibu mumewe. Leo vyekundu, kesho vya njano. Kidonda kikipoa anaacha, kikifura anaanza upya. Wale bakteria wakawa kama watoto wa kufokewa kila siku. Wakazoea. Wakawa sugu.

Tulipomfikisha hospitali, mguu umefura kama mto wa kulalia na harufu inatangulia mlangoni. Wakajaribu dawa hii, wakajaribu ile. Zote zikagonga mwamba.

Daktari wake, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, hakutuzungusha.

"Bakteria huyu dawa zetu anazidharau. Tukikosa njia nyingine, tutaukata mguu kabla haujaondoka na mwili wote."

Kaka alisikia. Akageukia ukuta.

"Mkiukata," akasema, "na ile cherehani muibebe."

Nikamgeukia daktari.

"Njia nyingine ipi?" nikauliza.

"Virusi."

Wifi akapiga makofi. "Jamani, mmesikia? Mtu ana bakteria, wanamwongezea virusi! Nyumba inaungua, wanaleta petroli!"

"Mama," daktari akamjibu, "hivi havina habari na mtu. Kila kirusi kina windo lake. Hiki kinaingia ndani ya bakteria, kinazaliana humo, kinampasua. Windo likiisha, nacho kimekwisha."

"Na vinauzwa duka gani?"

"Vinatafutwa kwenye maji machafu. Palipo na windo ndipo alipo mwindaji."

Wifi alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Maabara wakapima maji ya mtaro wa hospitali. Wapi. Ya sokoni. Wapi. Daktari akaja kuniuliza, "Kidonda mlikuwa mnakioshea wapi?"

"Bafuni kwao."

"Niletee maji yanapotokea."

Ndipo nikainama pale na chupa, pua nimeibana, wifi kashika kiuno.

"Njooni muone! Msusi kapata kazi mpya! Chota na ya jirani, shoga, asije akanuna!"

Watu wakaangua vicheko. Nikaendelea kuchota. Nilikuwa naiona cherehani dirishani, imefunikwa shuka kama maiti.

Maabara wakampata. Mwindaji wa bakteria yule yule, anaishi nyuma ya bafu lao raha mustarehe. Wakamtenga, wakamkuza, wakamsafisha mpaka haikubaki hata harufu ya mtaro. Wakamweka kidondani, wakampitisha na mshipani, dawa nyingine ikisaidia.

Uvimbe ukaanza kushuka. Nyama ikarudi rangi ya nyama. Kaka akaanza kulalamika kuhusu chai ya hospitali, nikajua amepona.

Akarudi nyumbani kwa miguu yake miwili.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Humjui wifi yangu.

Asubuhi moja nakwenda kumjulia kaka hali, nakuta foleni getini. Ndani cherehani inalia, nje wifi kakaa kwenye kigoda na ndoo mbele yake. Lile kopo la biskuti, vidonge tulishavitupa, sasa ndiyo kata ya kuchotea.

Anachota, anamimina kwenye chupa ya mama aliyebeba mtoto anayekohoa.

"Mnyweshe asubuhi na jioni. Ni yale yale yaliyomponya mume wangu."

"Wifi! Hayo ni maji ya mtaro!"

"Na yalimponya nani? Au ulichota kwako?" Akageukia watu wake. "Wivu huo. Mtaro wangu una mkono mwepesi."

"Kweli lakini," wakaitikia. Wale wale! Walionicheka kwa kuchota, leo wanasukumana kunywa!

Nikamnyang'anya yule mama chupa. Akanitukana.

Mara cherehani ikanyamaza.

Kaka akatoka, futi ya kupimia shingoni. Akaipiga ndoo teke, kwa mguu ule ule, maji yakarudi yalikotoka.

"Mtaroni humu daktari alitafuta kitu kimoja, akakiosha," akamwambia mkewe. "Wewe unawagawia watu na kilichotaka kuniua."

Akaokota kopo, akarudi kazini. Cherehani ikaanza tena.

Ndugu msomaji, maliza dozi yako, usimrithishe jirani. Na ukisikia kitu kimemponya fulani, uliza kwanza kimepita mikononi mwa nani. Mjinga ukimnyima kidonge atashika kata, na foleni haitakosekana.

Kopo sasa liko miguuni kwa kaka, limejaa vifungo.

Juzi mtu alikuja kupima suruali, anakohoa. Akachungulia ndani ya kopo kwa matumaini.