Maua Yasiyoliwa na Mbuzi

Mama yangu alikuwa akichagua maua ya bustani yake kwa kumuuliza mbuzi. Ukimpelekea mche mpya, haulizi unatoa ua la rangi gani wala unapenda jua au kivuli. Anachuma kijitawi, anatoka nacho barabarani, anamtafuta mbuzi wa kwanza anayepita na kumsogezea mdomoni. Mbuzi akila, mche unarudi ulikotoka. Mbuzi akinusa na kugeuza shingo, mama anachukua jembe.

Msimcheke haraka. Mbuzi wa Kilwa Masoko mchana hawana mwenyewe. Mwenyewe hujitokeza ukimtupia mmoja jiwe. Baba alipofariki na mama akatoka eda, alitaka kitu cha kushughulisha mikono, akaanza kupanda maua. Alianza na asumini, kama ambavyo mwanamke yeyote wa pwani angeanza. Ikaliwa. Akaleta waridi kutoka Lindi, likaliwa pamoja na miiba yake. Akazungusha uzio wa makuti, mbuzi wakala makuti kwanza ndipo wakaingia ndani kumalizia. Hapo ndipo alipoacha kushindana nao akaamua kuwatumia.

Shoga yake wa Pande alimletea vipande vya mti wenye maua ya manjano yaliyoinama kama kengele, na majani membamba yanayong'aa. Mbuzi alinusa, akapiga chafya, akaenda zake. Mama alifurahi mno. Alipanda miti hiyo kando ya ukuta, akapanda kando ya njia, akapanda miwili mlangoni kabisa. Ile miti haikujali chumvi ya kisima wala kiangazi. Ikapita kichwa cha mtu, ikajaa manjano mwaka mzima, na wasichana wakawa wanasimama kupiga picha. Jina lake hakulijua, na hakuona haja ya kulijua.

Mimi nilirudi kwa mama nikiwa na binti yangu aliyekuwa ameanza tu kutembea. Mume wangu alipata kazi ya mkataba Mtwara, nikaona badala ya kukaa peke yangu Dar es Salaam ni bora mtoto akae na bibi yake. Walipendana tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa akimwita mke mwenzake, anamgombeza kwa kumnyang'anya mume aliyekwisha kufa, na mtoto anacheka bila kuelewa hata neno moja.

Woga wangu ulianza kwa jambo dogo. Nilimwona mbuzi mmoja akitafuna mfuko wa saruji. Aliutafuna kwa utulivu, ukaisha, akapita kando ya maua ya mama bila hata kuyatazama. Nikajiuliza, mnyama anayekula karatasi ya saruji anakataa nini hapa?

"Mama, mbona mbuzi hawali haya maua yako?"

"Machungu."

"Machungu tu?"

"Mwarobaini je, si mchungu? Wewe nimekunywesha mpaka umekua, na hukufa. Kichungu si sumu, mwanangu."

Tangu siku hiyo niliishi na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu bila kuonekana nimeharibiwa na Dar es Salaam. Ile miti ilikuwa inazaa matunda ya kijani, yana kona kama sambusa ndogo, na yalikuwa yanaanguka. Mwanangu alikuwa katika umri ule ambao dunia nzima hupitia mdomoni: ndala, kokoto, mkia wa paka. Kila asubuhi nilifagia chini ya miti, na nikimaliza kufagia narudi kukagua tena. Nikiwa jikoni nilikuwa nachungulia. Nikiwa naswali nilikuwa nasikiliza vishindo vyake, Mungu anisamehe.

Mwishowe nilimwomba mama tuikate, angalau ile ya mlangoni. Niliomba kwa adabu. Alipoendelea kumwagilia maua yake niliomba bila adabu, maana mimi hasira zangu hazina subira.

"Panga lipo nyuma ya mlango," alisema. "Kata. Ukimaliza kuikata, nikate na mimi."

Ukishaambiwa hivyo na mama yako mjane, panga unaliacha pale pale lilipo.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Maji ya bomba yalikuwa yametoka, nikaenda nyuma ya nyumba kujaza ndoo. Mama alikuwa mlangoni juu ya mkeka anachambua mchele, mtoto yuko pembeni yake. Akapita muuza samaki na baiskeli yake, akapiga honi. Mama akainuka. Mwanamke wa Kilwa hanunui samaki kwa haraka. Lazima afunue mashavu, aone wekundu, anuse, amsute muuzaji kidogo.

Kilichonishtua ni kimya. Kimya cha mtoto anayetembea si kimya kizuri hata siku moja. Niliiacha ndoo ikimwagika, nikazunguka nyumba. Alikuwa amekaa chini ya mti, ameshika tunda kwa mikono miwili, na kidevu chake kina kitu cheupe. Kwa kitambo kidogo kabisa akili yangu ikaniambia ni maziwa. Halafu nikaona ule weupe unachuruzika kutoka kwenye tunda.

Nilimtia kidole mdomoni nikatoa kipande cha ganda. Nikatia tena, nikatoa uzi wa nyama ya tunda. Nilipiga kelele ambazo sijui zilikuwa maneno gani. Jirani alikuja anasema mpe maziwa, mpe maziwa, mwingine anasema usimpe kitu. Mtoto akatapika juu ya kanga yangu, nikafurahi. Akatapika tena, na tena, mpaka hakukuwa na cha kutapika, macho yake yakaanza kulegea. Sijawahi kuogopa vile, na nimewahi kumwona baba akikata roho.

Tukaingia kwenye bajaji. Nilipogeuka nikamwona mama amekaa pembeni yangu, na mkononi ana tawi la maua yake, maua na matunda juu yake.

"Hata sasa unabeba maua!" nilimfokea. Dereva aliinamisha kichwa.

Midomo ya mama ilikuwa inakwenda kwa dua, ya Latifu, ya Latifu, na lile tawi alikuwa amelibana kifuani.

Hospitalini daktari kijana alimwamkia mama shikamoo, na mama, ambaye huwagombeza watu kwa kutoamkia, alisahau kuitikia. Alimnyooshea tu lile tawi. Daktari akalitazama, uso wake ukabadilika, akasema tumefanya vizuri kulileta, maana sumu ya mti huo hushika moyo. Kisha akaniuliza mimi: amemeza kiasi gani?

Sikujua. Nilifikiria lile tunda mkononi mwa mwanangu, nikajaribu kukumbuka limebaki nusu au zaidi ya nusu, amefika kwenye kokwa au bado, na kila nilivyojitahidi tunda lilikuwa linabadilika kichwani mwangu. Akasikiliza moyo. Akausikiliza kwa muda mrefu. Akasema unapiga polepole kuliko inavyotakiwa, na kwamba watakuwa wanamwangalia.

Neno hilo, tunamwangalia, sitaki kulisikia tena maishani mwangu. Walimtundikia dripu kwenye mkono ambao haukuwa mnene kuliko muhogo. Kila muuguzi alipokuja na kipimo chake nilimtazama usoni, si mkononi, nikitafuta alama ya kunieleza. Nilimpigia baba yake Mtwara nikamwambia mtoto anatapika. Habari ya maua sikuweza kuitamka, kwa sababu ningeitamka ningemtaja mama. Naye alikuwa kwenye benchi la nje, ameinama. Sikutoka kumwambia neno. Nilikuwa na hasira naye, na niliogopa kwamba mtoto akifa hasira hiyo haitakuwa na mwisho.

Asubuhi moyo ulikuwa umerudi katika mwendo wake. Mtoto alifumbua macho, akaanza kubandua plasta ya dripu, akalia anataka uji. Daktari alicheka. Mimi nililia mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Tuliporuhusiwa, mama alikuwa ametangulia nyumbani. Nilikuta uwanja mweupe. Hakuna ukutani, hakuna njiani, hakuna mlangoni. Vishina tu na udongo uliochimbuliwa. Majirani waliniambia alikataa msaada wa mtu yeyote. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa utomvu, au kwa kingine. Nikamwambia ahsante, mama. Akasema, "Chai ipo kwenye chupa."

Lakini hakumgusa mtoto. Siku hiyo sikushangaa, wala iliyofuata. Baadaye nikaona kwamba mtoto akimkimbilia, mama anainuka na kwenda jikoni. Mtoto akimshika kanga, anaita, "Mama yake, njoo umchukue." Kama ninakwenda nyuma ya nyumba, na yeye anatoka anasimama barabarani, ili asibaki naye peke yake. Mtoto alikuwa analia mlangoni akimwita, na mama yuko nje, amempa mgongo.

Niliona hii haiwezi kuendelea. Nikamchukua mwanangu, nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama pale mkekani.

"Mpakate, mama. Wewe ndiye bibi yake. Ilikuwa ajali, yamekwisha. Mchukue."

Mama akanyoosha mikono, polepole, mpaka ikafika chini ya makwapa ya mtoto. Mtoto akacheka, akamrukia. Mama akavuta kidogo. Akavuta tena. Halafu akainua macho akanitazama, na ndipo nilipogundua kwamba mimi nilikuwa bado nimemshika.