Kipa wa Siku Moja

Bado naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya, kwa hiyo usitegemee hadithi iliyonyooka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Tanga kuja London kusomea unesi, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: ukunga. Nilitaka kupokea watoto. Sista mkuu akanipeleka wodi ya wazee. Akasema huko watu hawatoshi, basi, akageuka akaenda zake.

Nilinuna. Unajua nikinuna nakuwaje. Wiki chache baadaye niliamua kwamba Jumatatu inayofuata nakwenda kwa matroni, mkuu wa manesi wote, kuacha mafunzo, nitafute kazi yoyote hata ya kufagia, na nyumbani nitawaambia uongo wowote utakaonijia.

Kitanda cha dirishani alilala mzee wa Kiswidi, Bwana Nils, mrefu mpaka nyayo zinagusa chuma cha kitanda. Kwao alicheza mpira zamani sana, wakati Waswidi wenyewe ndio kwanza wanaujifunza. Wachezaji walitoka kiwandani wakaingia uwanjani, hakuna anayelipwa, na barafu ikishika wanahamia kwenye mchezo mwingine wa kuteleza na fimbo. Haya nilielezwa na binti yake, Ingrid, mama mtu mzima aliyekuja kila Jumapili na vimkate vilivyonukia iliki. Nilishangaa, Mzungu na iliki wapi na wapi! Harufu ile ilinikumbusha jikoni kwa mama, nikazidi kununa.

Kila asubuhi nikifungua pazia, Bwana Nils aliniuliza swali lilelile: "Leo nani yuko golini?"

Mimi mpira nilikuwa naujua kwa kelele za kaka zangu tu. Nilimjibu, "Sijui, mzee. Meza dawa."

Alimwambia kila mtu kwamba alikuwa kipa. Alimwambia daktari, alimwambia mfagizi. Jumapili moja nikamwambia Ingrid, "Kumbe baba yako alikuwa kipa."

Ingrid akaweka chini kisu alichokatia vimkate. "Kipa? Baba alikuwa mshambuliaji miaka yote. Mji mzima ulimjua kwa mabao."

Kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Timu ya taifa ilimwita mara moja tu. Kabla ya mapumziko kipa wao akavunjika mkono, na enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Mtu akiumia, mmoja wenu anaingia golini. Akaingia Nils. Mabao yakamiminika. Hakuitwa tena, na kwao walimcheka mpaka akahamia London, akapakua mbao bandarini hadi alipostaafu.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mtu amefunga mabao miaka nenda miaka rudi, halafu uzeeni anajitambulisha kwa siku aliyoaibika? Nikadhani akili imechoka. Kesho yake, Jumatatu yangu ile, namkata kucha, nikamuuliza waziwazi.

"Bwana Nils, binti yako anasema ulikuwa mfungaji. Mbona unajiita kipa?"

"Mbele kila mtu alitaka kucheza," akasema. "Ningeugua siku moja tu, wangegombania nafasi yangu. Siku ile nahodha alipouliza nani anaingia golini, wote waliangalia viatu vyao."

"Ukaenda wewe."

"Goli lilikuwa wazi, binti."

"Lakini walikucheka! Huoni uchungu?"

"Naona. Mpaka leo naona."

Akalia, mwanangu. Mzee mzima, machozi yakamwingia masikioni maana alikuwa amelala chali. Halafu katikati ya kulia akaanza kucheka. Mimi na mkasi mkononi, sijui nimfute machozi au nicheke naye.

Baadaye nilifika mpaka mlangoni kwa matroni, nikageuka bila kubisha hodi. Usinipambe, sikuwa shujaa. Nilirudi wodini kwa sababu ilikuwa saa ya kuwageuza wagonjwa na mwenzangu alikuwa peke yake.

Asubuhi iliyofuata nikafungua pazia.

"Leo nani yuko golini?"

"Mimi," nikasema.

Akameza dawa bila ubishi. Ukunga niliusomea baadaye, na wodi ile niliililia siku ya kuondoka.

Sasa wewe, Rehema, mjukuu wangu. Juzi umetoka zamu hospitalini Thornton Heath, upande wa pili wa London, ukaja moja kwa moja jikoni kwangu hapa Kilburn, sare hujavua. Ukasema, "Bibi, I'm done, naacha kazi. Wamenitoa kwa watoto wakanipeleka kwa wazee, they didn't even ask me." Nikakumiminia chai nikanyamaza, ukaudhika. Haikuwa hekima, mwanangu. Sikujua nikwambie nini. Mpaka leo sijui kama Bwana Nils alifanya vizuri, maana wale waliotazama viatu vyao walirudi makwao na heshima zao, na yeye ndiye aliyehama.

Haya, ninachoweza kukwambia ni hiki. Wakubwa wako wamekosea, nenda ukawaambie, tena kwa sauti. Ila usiache kazi kwa kuona aibu ya mahali ulipowekwa. Kabla hujaondoka geuka utazame nani anabaki na wale wazee. Akiwepo mtu, nenda kwa amani, mabegi nitakubebea mimi. Asipokuwepo, kaa mpaka apatikane, na asikwambie mtu kwamba siku hizo ulizipoteza.

Mungu akutie nguvu za mgongo na mikono, akuepushe na midomo ya wanaocheka. Na siku utakapolala wewe kitanda cha dirishani, unauliza swali lisiloeleweka na mtu, akuletee binti mnunaji kama mimi, akufungulie pazia, akujibu.